Besi ya Kuazima ya Velvel Pekarsky

Ndugu, jamaa na majirani, tunawasomea maisha ya baba yetu, Velvel Pekarsky, mpiga besi, kwa kadiri tunavyoyakumbuka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1951 hapa Winnipeg, mtoto wa tatu wa Zelig, mwoka mikate, na mkewe Frume, akasoma shule ya jirani na Mtaa wa Selkirk hadi mwaka 1968, kisha mchana akabeba magunia ya unga na jioni akajifunza besi, lile zeze kubwa linalomzidi mtu kimo, aliloazimwa na jirani Mukraine, Mzee Hnatiuk, aliyemwambia, "Chukua, kijana, utairudisha siku ukichoka."

Tangu mwaka 1971 alipiga klezmer, muziki wetu wa furaha, kwenye harusi za Kiyahudi na nyimbo za kienyeji kwenye harusi za Waukraine, pamoja na Orest, mtoto wa mzee huyo, mpiga kodiani, aliyezoea kumtania, "Velvel, hilo ni kabati, siku moja tutakuzikia humo," naye akijibu, "Basi anza mazoezi, maana mbebaji ni wewe."

Tarehe 9 Septemba 1979 alimwoa Mama yetu, Dvora, ambaye kila aliposikia utani huo alitema mate mara tatu kufukuza kijicho, wakatupata sisi wawili, Simkha na Mindl.

Machi 2014 kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilikufa ganzi, madaktari wakasema ugonjwa huo haurudi nyuma, utapanda mpaka kifuani, na ukapanda kweli, noti zikapotea mojamoja, ila ukumbini hakuna aliyezikosa, kwa sababu Orest alizipiga kimyakimya kwa vitufe vya kodiani, nasi tuliojua tulinyamaza, tukiogopa kwamba Baba akigundua ataweka upinde chini kabla ya harusi ya Mindl.

Siku ya harusi hiyo, tarehe 19 Juni 2016, Mindl akiwa mlangoni, Baba alimgeukia Orest akasema, "Mkono wako nimeusikia miaka miwili, ndugu yangu, Mungu akulipe, lakini leo ni binti yangu, uondoe," akapiga peke yake, na kila pigo lilipokosekana ukumbi ulikuwa kimya kama kisima, mpaka bibi kizee mmoja alipolikanyaga sakafuni kwa kisigino pigo lililopotea, wageni wote wakamfuata, na bibi arusi akafikishwa kwa mumewe na miguu yao.

Mapema Novemba 2017, kupumua kulipokuwa kazi, aliomba besi irudishwe kwa kina Hnatiuk, Mama akaelewa, akakaa jikoni bila kuwasha taa, lakini kesho yake Orest aliiburuta tena juu ya theluji, akafoka mlangoni, "Hujachoka, mvivu wewe!" na Baba akacheka mpaka pumzi ikamkatika.

Alifariki nyumbani tarehe 27 Novemba, besi ikiwa kando ya kitanda. Sasa imefunikwa shuka kama vioo vyote vya nyumba, ilivyo desturi yetu ya msiba, na lori likipita nyuzi zake huvuma zenyewe, mjukuu wake Freydl huamka na kuikodolea macho kona iliposimama.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi aliyepasha mikono yake moto kabla ya kumgusa, majirani waliofagia theluji mlangoni petu bila kuombwa, na wanamuziki wenzake wote.

Orest, leo umelibeba jeneza lake kama mlivyotaniana. Baba amechoka sasa, njoo uichukue besi.

Pumzika kwa amani, Baba, mapigo yaliyobaki tutayakanyaga sisi.