Mlango wa Mama Mkwe

Kijiwe chetu ni benchi moja refu nje ya karakana ya Cheche, anayechomelea madirisha na milango ya chuma. Asubuhi hiyo mvua ya usiku kucha ndiyo kwanza imekatika, nasi tunapuliza kahawa, mara Wembe huyo anakuja mbio, macho yamemtoka pima. Wembe ni seremala. Jina tulimpa sisi, maana kila akiunga mbao hujisifu kwamba hapo hata wembe haupiti. Tulijua mkewe kajifungua usiku, kwa hiyo tukajiandaa kumpongeza.

— Cheche, niazime mtaimbo! Mlango wa mama mkwe umegoma!

— Umegoma vipi?

— Haufunguki! Mama yuko ndani na uji wa mzazi, na saa ya kuona wagonjwa ndiyo hii!

Nilishtuka hadi kahawa ikanimwagikia pajani. Mlango wenyewe tunaujua. Fremu ya chuma kaichomelea Cheche, na wiki iliyopita Wembe akaizungushia mbao, eti chuma kitupu kwa mama mkwe kinafanana na lokapu.

— Mungu wangu! Uliweka mbao gani? akauliza Cheche, bado kaketi.

— Mninga.

— Mninga? Mimi niliona msonobari uliopakwa rangi.

Hapo Wembe akasahau mbio zake.

— Wewe! Mninga wangu unauita msonobari?

— Basi ulikuwa mbichi. Umekunywa mvua, umevimba, umeibana fremu yangu.

— Fremu yako ni bati tu! Chuma cha kweli kingebanwa na mbao?

— Hebu keti tuliangalie hili jambo, akasema Dalali, ambaye huuza viwanja na hakuna asichokijua. Akamsogezea kikombe. Wembe akaketi.

— Kati ya mbao na chuma uliacha nafasi? nikamuuliza.

— Nafasi? Pale hata wembe haupiti!

— Lahaula! Mbao ivimbe iende wapi sasa?

— Tatizo si nafasi, akasema Dalali. Chuma kina baridi, mbao ina joto. Ukivilaza pamoja usiku, lazima vigombane.

— Mbona nyumba chungu nzima zina chuma na mbao? nikamuuliza.

— Hizo wameweka mti jike. Huo wake ni dume.

— Mti dume!

— Tena umekatwa haujamaliza kukua. Sasa umepata maji, unaendelea pale ulipoishia. Wiki ijayo mlango huo una majani.

Wembe akashika kichwa kwa mikono miwili.

— Majani? Kwa mama mkwe?

— Na mizizi, akaongeza Cheche. Itaingia ukutani, nyumba ipasuke. Halafu watu waseme ni fremu yangu!

— Yaani mjukuu wangu wa... mwanangu... nyumba ya bibi yake ipasuke?

Wembe akamaliza kikombe kwa funda moja. Nilimhurumia, nikamwongezea kahawa.

— Mkwe.

Tuligeuka wote kwa pamoja. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya benchi, khanga ina tope hadi magotini, utando wa buibui kwenye kilemba, chupa ya uji kwapani. Alikuwa ametokea dirisha la jikoni, lile ambalo Cheche hajalitia nondo na kila akiulizwa anasema kesho. Mama mtu mzima, amepata mjukuu leo leo, karuka dirisha!

— Huo mtaimbo umepatikana?

Mtaimbo ulikuwa chini ya benchi. Cheche alikuwa ameuwekea miguu muda wote huo. Cheche akatazama miguu yake, Dalali akatazama mawingu, mimi nikatazama kahawa yangu.

Wembe akainuka na kikombe chake mkononi, akainamisha kichwa.

— Shikamoo, mama.

Mama akaihamishia chupa kwapa la pili, akashika njia ya hospitali. Hakuitikia.