Ghanim bin Salem na Miji Arubaini na Mitatu

Marehemu Ghanim bin Salem alizaliwa Nzega, Tanganyika, tarehe 3 Machi 1952. Baba yake, Salem bin Mutasim, alikuwa muuza asali. Mama yake, Bi Nasriya, Mnyamwezi wa hapo hapo. Mwaka 1961 Bi Nasriya alifariki kwa uzazi. Mkunga alikuwa Tabora, na gari lilikwama matopeni. Ghanim, mtoto wa miaka tisa, ndiye aliyekimbia kuita watu walisukume.

Skuli alisoma Nzega, kisha Tabora. Alikuja Maskati 1974, na baada ya miaka miwili akaajiriwa ofisi ya serikali, upande wa barua za nje. Mwanzo walikicheka Kiarabu chake. Hawakukawia kumletea barua zao azisahihishe.

Tarehe 17 Mei 1979 alimuoa Bi Wadha binti Saeed, wa Unguja, wakakaa hapa Maskati, mtaa wa Hamriya. Siku ya posa alikuja na faili kwapani. Wakwe walidhani ameleta mahari, kumbe kazi za ofisini.

Mwaka 2011 alipendekeza iundwe lajna, yaani tume ya serikali, ya kushirikiana na nchi za Afrika Mashariki: kupelekeana wakunga, walimu na wanafunzi. Wakubwa walikubali, ila wakataka miji mitano ya kuanzia, na saini za wazee wetu wote, sisi wenye asili ya huko.

Hapo ndipo tulipomchosha. Kila mzee alitaka mji wa babu yake. Mmoja alitaka liandikwe shamba lao, lenye minazi kumi na mbili. Miji ikafika arubaini na mitatu. Mwengine alikataa kutia saini kwa sababu kwenye orodha Wete iko chini ya Unguja. Ghanim, masikini, akaiandika miji yote kwa duara, pasiwe na wa juu wala wa chini. Ofisi ikamrudishia, kwamba barua za serikali zinakwenda kwa mistari. Bi Wadha alikuwa akitia kahawa na kumeza maneno.

Mwaka 2016 Ghanim alichukua kalamu mbele ya wazee, akakata Nzega. Walipoondoka, Bi Wadha hakuweza tena.

"Baba Rawya, miji yote hii, hukuona wa kukata ila kwenu? Na mama yako kafia pale?"

"Nikianza na kwao watanuna. Nikianza na kwetu wataona haya."

Haya waliiona, lakini iliwachukua miaka miwili. Ikabaki Unguja, Wete, Mombasa, Tabora na Bujumbura. Kisha waraka ukakaa ofisini miaka sita, ukihama meza.

Figo zilimharibikia 2021, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, faili ubavuni. Lajna ilitangazwa tarehe 14 Januari 2025. Binti yake Rawya alimsomea waraka hospitali. Alipofika kwenye miji, kwa huruma akaongeza wa sita: Nzega.

Ghanim alifumbua macho. "Rudi nyuma, mwanangu. Huo haumo."

"Nilitaka uusikie tu, baba."

"Nimeusikia. Sasa soma kilichoandikwa."

Alisomewa mpaka mwisho, akauliza kama mhuri umetoka vizuri. Alifariki Ijumaa, tarehe 24 Januari 2025, akazikwa Amerat jioni ile ile.

Ameacha mjane, Bi Wadha; watoto watatu, Rawya, Anas na Shurooq; wajukuu saba; na ndugu yake Mahbuba, kichanga aliyesalimika siku ile ya matope.

Kifungu cha tisa kinasema lajna itapokea miji mipya kila mwaka, kwa saini za wazee. Wazee wenyewe wamo humu ndani leo, na wanajijua. Karatasi iko mlangoni, na jina la mji lililoandikwa ni moja tu. Tafadhalini, asiongeze mtu la pili.

Mola amrehemu Ghanim, na ampe mapumziko ambayo sisi hatukumpa.