Mkasi Nautia Mfukoni

Mheshimiwa Meya, Don Wilfrido Cobeña. Ndugu Evaristo Yagual, mwenyekiti wa chama cha wavuvi. Wazee wa mji. Ndugu wageni waalikwa mliovuka maji kuja kwetu Galapagosi. Na nyinyi akina mama wa soko la samaki, ambao najua mmesimama hapo tangu asubuhi: nawasalimuni nyote.

Mmeniheshimu mno. Leo nastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kulinda hifadhi, na mmeamua gati hili jipya liitwe Hermelinda Tomalá. Nilipoliona jina langu pale juu nililia, sifichi. Mmenipa na mkasi nikate utepe, ili boti zilizojipanga pale ziwashe injini na kuingia.

Sitaukata.

Msigune, nisikilizeni. Chini ya ngazi hizi kuna mtoto wa simba bahari, hajafikisha wiki mbili. Nimemkuta asubuhi. Mama yake ameenda kutafuta samaki. Nilipomwambia Ndugu Evaristo, akanijibu, "Aa, Mama Hermelinda, kadude kenyewe haka! Tumbebe tumweke kule mchangani, dakika mbili tu." Nikamwambia, "Mbebe. Halafu jioni umnyonyeshe wewe." Mnacheka, naye anacheka, lakini ananijua: sikuwa natania.

Nani hapa hajawahi kumbeba mmoja? Wanalala kwenye mabenchi yetu, wanagombea utumbo wa jodari miguuni mwa hawa akina mama, tunawaruka tukienda misa. Kwa kuwazoea hivyo tunadhani watoto wao ni wajukuu zetu. Tukimkuta mmoja analia peke yake, roho inatuuma, tunamchukua. Hilo ndilo kosa letu sisi watu wa mji huu, na mimi nililifanya.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, sare mpya, kichwa kigumu, nilimwokota mmoja nikampeleka nyumbani. Nikamwogesha kwa sabuni. Mama mkwe wangu akasimama mlangoni, mikono kiunoni: "We Hermelinda, kwani kesho anabatizwa?" Nikamnywesha maziwa ya ng'ombe, kisha nikamrudisha ufukweni. Mama yake akatoka majini, maziwa yamemjaa, anaita. Kila mama ana sauti yake, na kila mtoto ana yake. Huitana na kusikilizana hata kati ya mamia. Mtoto alimjibu. Mama akaja mbio kwa mapezi yake manne, akamnusa, akakuta sabuni yangu. Akamsukuma. Mtoto akamfuata, akasukumwa tena. Mama akaendelea kuita. Aliita siku tatu. Siku ya nne mtoto alinifia mikononi, nami nimevaa sare ya hifadhi.

Mheshimiwa Meya, najua bendi inasubiri na jua linawachoma wageni. Lakini simba bahari huzaa mtoto mmoja tu, humnyonyesha mwaka mzima na zaidi, na hakuna jirani atakayemnyonyeshea. Mwaka ule maji yalipopata joto na dagaa wakapotea, si sote tulizika watoto wao kule pwani? Je, sasa dagaa wapo, tuwaue watoto hao kwa haraka zetu? Gati la zamani bado ni zima. Litumike wiki chache, mpaka mtoto huyu ajue kuogelea na kuondoka na mama yake. Hilo likiwashinda, basi futeni jina langu pale juu, leo hii, nikiona.

Naona Evaristo anawaashiria manahodha warudi gati la zamani, tena kwa makasia, injini zisije zikafunika sauti ya mama. Asante, kaka.

Mkasi nautia mfukoni. Kiti changu nakihamishia pale ngazini, asisogee mtu wala mbwa. Nawashukuru, mmenisikiliza kwa utulivu hata niliposema msilotaka kusikia. Naomba utulivu huo uendelee, na bendi inisamehe, kwa sababu kuna mama yuko njiani anarudi. Ataita, atajibiwa, na safari hii nataka akimnusa mtoto amkute ni wake.