Shangazi Hakurudi Kwenye Mfumo wa Zamani

"Shangazi, kwa nini usirudi tu kwenye mfumo wa zamani wa kompyuta, kazi zikurudie?" Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka tisa, nimekaa juu ya boksi la karatasi dukani kwake. Alinijibu, "Hebu nishikie huu waya."

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, wa kwanza kati ya watoto wawili. Baada ya sekondari alisomea uhazili, akahitimu mwaka 1990. Mwalimu alikuwa akimfunika vidole kwa kitambaa, na bado alimaliza kupiga chapa kabla ya wenzake.

Mwaka 1996 aliolewa na fundi saa, aliyemtangulia mwaka 2009. Hawakujaliwa mtoto. Mimi ndiye niliyeshinda kwake.

Mwaka 1998 alifungua duka la kuchapa, chumba kimoja, mwishowe kompyuta nne. Kwa miaka kumi na miwili alichapa mitihani ya shule ambayo mwalimu mkuu wake ni mdogo wake, yaani baba yangu. Juni 2015 kompyuta zilikuwa zimechoka, hazikubali toleo jipya la mfumo tuliouzoea wote. Fundi akamwambia, "Dada, hivi ni vyuma chakavu." Akaamua kuweka Linux, mfumo wa bure unaokubali hata mashine kuukuu. Wiki tatu alinakili amri kwenye daftari huku akiibembeleza mashine, "Haya mama, amka." Zikaamka zote nne. Akabandika picha ya pengwini, nembo ya Linux, mlangoni, watoto wakamwita Mama Pengwini.

Novemba mwaka huohuo alipeleka shuleni mtihani wa hisabati uliokwisha chapwa, pamoja na flashi. Alimwambia baba, "Toa kopi za karatasi hii. Faili usiliguse, kwenye kompyuta zenu alama za hesabu zitavurugika." Baba alitaka kubadilisha tarehe. Akafungua faili, akachapa upya bila kuangalia. Wanafunzi wakakuta visanduku vitupu penye alama kwenye maswali. Katika kikao cha wazazi baba alisema, "Ni hiyo Linux ya dada." Shangazi aliitwa ajieleze. Alimtazama mdogo wake, akaomba radhi. Shule ikamnyang'anya kazi, ofisi nyingine zikafuata, akabaki na barua za mtu mmojammoja. Baba aliisoma aya hii jana. Alisema niiache ilivyo.

Alianza kuugua figo Januari 2022, akafariki hospitalini tarehe 9 Agosti 2023, saa mbili asubuhi. Maneno haya nimeyachapa kwenye kompyuta yake ya dirishani. Bado inaamka.

Ameacha mdogo wake, wifi yake, mimi na wadogo zangu wawili. Mungu ampe pumziko ambalo sisi hatukumpa.

Swali langu la utotoni alilijibu Julai, mwezi mmoja kabla hajafariki, akiwa kitandani, bila kuulizwa tena. "Ningerudi, mwanangu, watu wangesema kweli lilikuwa kosa langu, na baba yako naye angeishia kuamini. Nilitaka abaki mtu mmoja anayejua ukweli."