Maji Aliyomimina Yona

Nawasalimu katika jina la Bwana aliye hai, ndugu zangu!

Mimi ni kifungua mimba. Wazazi walipofariki niliacha shule nikawalea wadogo zangu. Nilipopata kazi kiwandani Tyseley nikamwita Yona, kitinda mimba wetu, aje huku Birmingham. Akaugua akili. Katika ugonjwa ule akampiga mtu akamuumiza, mahakama ikampeleka hospitali ya mbali, yenye kuta ndefu na walinzi.

Huko alipata nafuu. Daktari wake akasema ahamishiwe hospitali ya kawaida karibu nasi. Hospitali hiyo ikajibu haina kitanda. Baridi ikapita, ikaja nyingine. Ndugu zangu, nilikuwa sikai! Natoka kazini, nafika nyumbani Aston, natembea kutoka jikoni hadi mlangoni, naomba huku natembea. Kumbe wauguzi wa huku walimwogopa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona.

Bwana akanipa ujasiri. Nikamwendea muuguzi mkuu wa wodi ya huku, mama wa Kiingereza asiye na maneno mengi, nikamsihi twende akamwone. Akakubali.

Tulipofika kule na kuketi na chapati nilizobeba, Yona akaleta jagi na beseni. Yule mama akarudisha mikono nyuma. Mlinzi akamnong'oneza kwamba hiyo ndiyo dalili iliyobaki: kila mgeni lazima amwagiwe maji mikononi.

Miaka yote nilinawa mbele ya walinzi hao, sikujua kuna la kueleza!

"Huo si ugonjwa," nikasema. "Kwetu mgeni hali kabla hajanawishwa. Nilimfundisha mimi."

Yule mama akamtazama Yona, akakunja mikono ya sweta, akanawa.

"Maji yako ya baridi, kijana."

"Nisamehe, mama. Birika wameifungia."

Akacheka. Kwenye treni, kabla hatujashuka, akaniambia kitanda atakitafuta mwenyewe. Yona alihamishwa baridi ile ile.

Namshukuru Mungu, lakini sijatulia. Wako wengine kule, wamepona, wanangoja. Waombeeni. Nawe unayengoja mlango ufunguliwe, mtumaini Yesu, na usiache kugonga.

Sasa Yona huruhusiwa kutoka Jumapili. Yule aliyewanawisha leo kabla ya chakula, mkamwambia asante bila kumjua, ndiye.