Shangazi Ndoo na Ubao wa Lori Letu

Baada ya miaka ishirini na tisa katika idara yetu ya usafi, Shangazi Ndoo anastaafu tarehe 30 Juni. Magoti yake yamechoka. Yetu pia yamechoka, ila sisi bado hatujaruhusiwa.

Alianza kwa kufagia barabara ya soko. Baadaye akakabidhiwa mtaa wa nyumba mia mbili na kumi na mbili, akashika kazi ya kuwashawishi wakazi watenge taka: ndoo moja ya maganda na makombo, nyingine ya chupa, makopo na karatasi. Jamani, alitukanwa! Fundi cherehani mmoja alimfungia mlango mara tano. Mara ya sita akamkaribisha, eti amechoka kufunga. Kazi hiyo ilichukua miaka mitatu, na ndiyo iliyompa jina.

Sasa niseme lisiloandikwa kwenye faili lake, maana dereva wa lori nilikuwa mimi. Mwaka mzima watu walitenga, sisi tukachanganya. Lori lilikuwa na sehemu moja tu, nasi tulikuwa na haraka. Siku Shangazi alipokuja dampo kuangalia chupa zake, akakuta rundo moja la uozo. Hakugomba. Alikaa tu juu ya tairi bovu, na aibu niliyoiona sijaisahau mpaka leo.

Kesho yake akaanza kupita nyumba zote, moja moja, kuomba radhi kwa kosa letu. Wiki tatu nzima, kwa magoti yale yale. Fundi cherehani alimrudishia ndoo ya pili. Hapo ndipo Shangazi alipookota mlango mkuukuu, tukaupasua, tukapigilia ubao katikati ya lori, likawa na sehemu mbili. Fundi alikuja kuukagua mwenyewe, ndipo akachukua ndoo yake. Miaka miwili baadaye, taka tunazopeleka dampo zilikuwa zimepungua nusu.

Wiki iliyopita tuliletewa lori jipya. Lina sehemu moja. Na nafasi ya Shangazi, tumeambiwa, haitajazwa. Ijumaa alikuja kimya kimya, akachungulia nyuma ya lori. Akaukuta ubao wake umeshapigiliwa. Akaugonga mara mbili kwa ngumi, haukutikisika, akaenda zake kunywa chai.

Shangazi, asante kwa kutuvumilia. Tunakutakia siku njema na magoti yasiyouma. Ukisikia lori mtaani kwako, usiinuke kuchungulia. Nyundo ninayo mimi.