Kaka Yangu Aliyechomelea Vyuma kwa Miwani ya Jua

Ndugu wafiwa, majirani, mafundi wenzake, na ninyi mliosimama nje kwa kukosa viti, mimi ni dada yake marehemu, familia imeniomba nisome historia yake kwa kuwa waliomfahamu kabla yangu wote wameshatangulia, nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo palipo na kosa la kuandika msimtafute mtu mwingine, na palipo na neno zito mjue limewekwa kwa makusudi.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya tatu kutoka ghala la reli, chumba cha nyuma, akiwa mtoto wa kwanza wa baba aliyekuwa mpaka rangi wa mabehewa na mama aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali, nami nikamfuata baada ya miaka mitatu, na hatukupata mwingine.

Alianza darasa la kwanza Januari 1969 katika shule iliyo nyuma ya tangi la maji, akamaliza darasa la saba mwaka 1975, wa pili kwa hesabu na wa mwisho kwa nidhamu, kisha akasoma chuo cha ufundi tangu Januari 1977 hadi Desemba 1979, akatoka na cheti cha kuchomelea vyuma pamoja na ngao ya uso, ile yenye kioo kinene cheusi, ambayo mkufunzi wake alimkabidhi akimwambia haya ndiyo macho yako, usiyaazime wala usiyaazimishe. Sifichi kitu hapa, ngao hiyo mimi niliikuta miaka michache baadaye uani kwa mama, imegeuzwa juu chini, kuku wanainywea maji.

Tarehe 1 Februari 1980 aliajiriwa katika karakana ya mabehewa, jengo lile refu lenye mlango wa bati, akafanya kazi nzuri ambayo mabosi wake wote waliisifu, ila tangu mwanzo alilalamika kwamba ngao ni nzito, inampika uso, na haimwonyeshi mstari mpaka cheche ziwake. Mwezi Juni 1984 mpiga picha wa mtaa wa chini alifunga studio yake, akawa anauza viti, mapazia na kasha la miwani ya jua ambayo wateja walizoea kuazima ili watoke vizuri pichani, miwani kumi na moja, ya zamani hata kwa wakati ule, kaka akanunua kasha zima, akaja nyumbani amevaa moja, mama akamuuliza jua limeshazama, unamficha nani, naye akajibu, namficha huyu anayeniuliza.

Hapo ndipo ilipoanza kazi yake ya pili. Aliijua miwani kama mfugaji anavyowajua ng'ombe wake, aliigonga kwenye meno kusikia kama ni kioo au plastiki, alihesabu bawaba na riveti zake, aliinusa fremu, kisha akakwambia imetengenezwa mwaka gani, na iliyovunjika mkono aliitengenezea mkono mwingine wa waya wa fedha ambao huwezi kuutofautisha na wa asili. Alitengeneza fito za kuzitundikia, ukuta mzima wa sebule, na alipofariki zilikuwa miwani sitini na mbili, kila moja na siku yake, ya ibada, ya harusi, ya kudai haki ofisini, na za kazini, ambazo ndizo nyeusi kuliko zote. Nyingi alizipata kwa wafiwa, alikuwa akienda kutoa pole, anakaa, anakunywa chai yao, halafu anauliza kwa adabu kama marehemu ameacha miwani, na mpo hapa mliomuuzia mnaoinamisha vichwa sasa hivi. Msijali, tangu juzi watu saba wameshanivuta pembeni kuniuliza zitagawanywaje.

Tarehe 22 Agosti 1987, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na wifi yangu aliyekaa pale mbele, mshonaji wa mashuka ya hospitali ileile aliyofulia mama, na msajili alipomtaka bwana harusi avue miwani ili bibi harusi ajue anaolewa na nani, wifi alisema mwache, nilimkubali na vioo vyake, watu wakacheka, nami nikacheka. Mungu akawajalia mtoto mmoja, binti, tarehe 9 Novemba 1992.

Machi 1994 karakana ilipunguza wafanyakazi, naye akiwamo, na Januari mwaka uliofuata akafungua kibanda chake nyuma ya soko, akitengeneza mageti, madirisha na kenchi za paa. Binti aliingia kazini na baba yake mwaka 2012, na siku ya kwanza hakupewa ngao ya uso, alipewa miwani. Nilikuwapo, nikasema apewe ngao, nami ni fundi cherehani, kaka akaniambia wewe shona, chuma niachie mimi.

Sasa naomba mnisikilize, kwa sababu ugonjwa wa marehemu wengi mmeambiwa ni presha. Siyo presha. Kila jioni kwa miaka mingi alikuwa akilala chali na vipande vya viazi vibichi juu ya macho, akisema ameingiwa na mchanga, na mafundi wote mlijua ni mchanga gani huo, ni macho kuunguzwa na mwanga wa kuchomelea. Septemba 2009 daktari wa macho alimweleza mbele yangu kwamba miwani ile inazuia mwanga unaoonekana tu, kwamba mboni ikiona giza hujifungua wazi, na ule mwale wa moto usioonekana huingia ndani bila kizuizi, hivyo mwenye miwani nyeusi ya namna hiyo anaungua ndani zaidi huku akidhani amejikinga. Kaka akamwambia daktari, kijana, miwani hii ilikuwa na sifa zake kabla mama yako hajaolewa, akasimama, akatoka.

Kuanzia mwaka 2018 palikuwa na doa katikati ya macho yake yote mawili, aliona kingo za vitu, katikati hakuona, na sisi hatukujua kwa kuwa hakuvua miwani hata mezani. Alikuwa hamsalimii mtu mpaka mtu aanze, mkasema ana majivuno. Mageti yakaanza kwenda upande, binti akawa anabaki kibandani kuyanyoosha baba akishaondoka, hakumwambia yeyote, na kwa hilo alimpenda baba yake kuliko alivyojipenda.

Siku ya Alhamisi, tarehe 2 Mei 2024, saa nne asubuhi, akiwa juu ya paa la ghala jipya, jua likipenya kati ya kenchi, marehemu alikanyaga kivuli cha boriti akidhani ni boriti. Alilazwa siku tatu, akafariki Jumapili, tarehe 5 Mei, saa moja na nusu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Jumamosi, yaani siku moja kabla, alipata fahamu kwa robo saa hivi, akaniambia ile miwani ya vioo vya kijani, yenye giza kuliko zote, aliyofanyia kazi miaka ishirini, nimpe binti yake, asipewe mtu mwingine, apande akamalizie paa. Nikasema ndiyo kaka. Nimeishi miaka sitini bila kumdanganya mtu kitambaa wala kipimo, na uongo wangu wa kwanza nimemwambia ndugu yangu kitandani, ndiyo maana nautoa hapa mbele yake na mbele yenu. Sikukusudia kumpa. Jioni ileile nilikwenda sebuleni niiondoe, nikakuta nafasi yake pale kwenye fito iko tupu.

Ameivaa. Mnamwona binti pale kando ya jeneza, na mnadhani anaficha machozi, kwani msibani nani atamwuliza mtu kwa nini amevaa miwani. Juzi alimimina chai nje ya kikombe, akacheka, akasema ni usingizi. Jana alinipita mlangoni kama nguzo mpaka nilipomwita. Na mafundi mmeniambia wenyewe kwamba Jumatatu anapanda.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya majeruhi, waliofanya walichoweza, na yule daktari wa macho wa mwaka 2009, popote alipo, namwomba radhi kwa jibu alilopewa. Nawashukuru majirani kwa maji, viti na turubai. Nawashukuru mafundi wenzake mliombeba kutoka ghalani kwa mikono yenu, na kama mlimpenda kweli, asiwepo wa kumshikia binti yake ngazi.

Mwanangu, nikimaliza kusoma nitashuka, nitasimama mbele yako pamoja na mama yako, sote tumevaa nguo nyeusi za namna moja, kimo kimoja, na hatutasema neno. Unyooshe kidole tu, utuonyeshe mama ni yupi. Ukipatia, nitaomba radhi hapahapa kwamba shangazi yako ni mzushi, na ngazi nitaishika mimi mwenyewe. Ninyi wengine nawaomba mnyamaze, asije akasaidiwa na sauti ya mtu.

Kaka, habari zako zimeishia hapa, pumzika kwa amani, sisi huku bado.